Kabla hujailaumu mashine ya eksirei: majibu ya maswali yenu

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi za Ziwa Victoria, na zaidi ya nusu zinauliza swali moja: tununue mashine gani? Hizo tumeziweka kando kwa sasa. Mashine mpya haiponyi picha iliyopigwa mgonjwa akiwa amepinda. Tumechagua maswali ya watu ambao mashine wanayo tayari na wanataka ifanye kazi inavyostahili.

*Wataalamu, habari za kazi. Kituo chetu cha afya kilipata eksirei ya kidijitali. Tunarudia picha nyingi, lakini mkuu wangu anasema siku hizi hakuna filamu ya kuharibika, kwa hiyo hakuna hasara. Mimi naona hasara ipo. Nianzie wapi kumwonyesha?*
— Mpiga picha, Sengerema

Filamu haipo, lakini mgonjwa yupo. Kila picha unayorudia ni dozi ya pili ya mionzi kwenye mwili uleule, ni foleni inayorefuka hapo nje, na ni mpigo mwingine kwa tyubu inayotoa mionzi, ambayo nayo ina umri wake. Zamani tulizuiwa na bei ya filamu. Leo hakuna wa kutuzuia, ndiyo maana lazima tuhesabu.

Chukua daftari la kawaida, ulichoree safu sita: tarehe, sehemu ya mwili, mkao, mtoto au mtu mzima, zamu, na sababu ya kurudia. Jina la mpiga picha usiliweke. Ukiliweka, kuanzia wiki ya pili watu wataanza kufuta picha kimyakimya na daftari lako litakuwa safi kama sahani ya mgeni. Mashine nyingi za kidijitali zina orodha yake ya picha zilizokataliwa. Muulize fundi aliyeifunga iko wapi, kisha kila mwisho wa wiki ilinganishe na daftari. Zisipolingana, tatizo la kwanza umeshalipata.

Kusanya mwezi mzima, au angalau picha 250, maana chini ya hapo asilimia inayumba ovyo. Kisha gawanya picha zilizokataliwa kwa picha zote zilizopigwa, pamoja na hizo zilizokataliwa. Wengi hugawanya kwa idadi ya wagonjwa, na hilo ni kosa, kwa sababu mgonjwa mmoja wa kiuno anaweza kupigwa picha tatu.

Tuseme umepata picha 640, zilizokataliwa 74. Hiyo ni 11.6%. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilipendekeza kwa picha za kidijitali lengo liwe 8%, na ikifika 10% uchunguzi uanze. Kwa hiyo una kesi ya kumpelekea mkuu wako. Ila usimpelekee asilimia tupu, mpelekee sababu. Katika mfano huu, zichukulie hivi: mkao 38, kupumua au kutikisika 14, dozi 9, vitu vilivyosahaulika mwilini 8, jina au alama ya upande 3, mashine yenyewe 2. Mashine ambayo kila mtu anailaumu ina mbili tu kati ya 74.

Mkao ndio huongoza karibu kila mahali, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Picha ya kifua ndiyo inayopigwa kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa kwa makosa yanayojulikana. Angalia ncha za ndani za mitulinga: ziwe umbali sawa kutoka kwenye mstari wa uti wa mgongo. Zisipokuwa sawa, mgonjwa amegeuka, na moyo utaonekana mkubwa au pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine bila ugonjwa wowote. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo: zifike 9 au 10. Zikiwa 7, hakuvuta pumzi, na msomaji anaweza kuandika nimonia ambayo haipo. Mabapa ya mabega yatoke nje ya mapafu. Hilo hupatikana kwa kumwambia mgonjwa aweke mikono kiunoni na kusukuma viwiko mbele, wala si kwa kumwambia "simama vizuri". Umbali uwe sentimita 180.

Amri ya kupumua nayo huharibika kwa haraka. "Vuta pumzi, bana!" kisha kitufe palepale: mgonjwa bado anavuta. Mfanyishe zoezi mara moja bila kupiga, huku umemtazama bega na tumbo, na kwa mzee asiyeelewa Kiswahili cha haraka tafuta mtu amwambie kwa Kisukuma au Kikerewe. Sekunde 20 za zoezi ni nafuu kuliko kurudia.

Kwenye vitu vilivyosahaulika, usitazame mkufu na sidiria peke yake. Nywele ndefu za kusuka zikilala begani huonekana kama mistari juu ya pafu, mahali palepale ambapo kifua kikuu hupenda kukaa. Hirizi na shanga za kiunoni zinataka adabu: usiamuru mbele ya watu, mpe mgonjwa pazia na sababu.

Chagua sababu moja, irekebishe mwezi mmoja, hesabu tena. Ukizishika zote sita pamoja hutajua ni ipi iliyokusaidia. Na siku asilimia yako ikishuka hadi 1, usishangilie haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba picha mbovu sasa zinapita.

*Picha zetu zote zinatoka nzuri kwenye skrini. Mkaguzi wa ndani anatulazimisha kuandika namba ya EI kila picha. Ya nini, kama picha inaonekana?*
— Msomaji, Ilemela

Inaonekana kwa sababu kompyuta inakufichia. Kwenye filamu, dozi kubwa ilitoa picha nyeusi na ndogo ikatoa nyeupe, basi jicho lilikusuta. Programu ya kidijitali husawazisha mwanga yenyewe: ukipiga mara mbili ya dozi inayotakiwa, picha bado inatoka nzuri, tena laini zaidi. Ukipiga nusu, inatoka na chengachenga, na daktari analalamika. Mpiga picha yeyote mwenye akili atajifunza kuongeza kidogo ili asisemwe. Mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, na baada ya mwaka wagonjwa wanapokea mara mbili bila aliyeamua hivyo.

EI ni kiasi cha mionzi kilichofika kwenye kipokea picha. Pamoja nayo, mashine zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC cha mwaka 2008 huonyesha namba ya DI, yaani umekosea EI inayolengwa kwa kiasi gani, ambayo ndiyo rahisi kutumia. DI ikiwa 0, umelenga sawasawa. +1 ni kama robo zaidi, +3 ni mara mbili, −3 ni nusu. Kati ya −1 na +1 endelea na kazi. Ikiwa +3 au zaidi, usirudie picha kwa sababu hiyo tu, maana utakuwa umeongeza dozi juu ya dozi. Andika, kisha tafuta sababu. Ikiwa chini ya −3, itazame picha kwa ukubwa wake kamili: kama chengachenga zinaficha kile daktari alichouliza, rudia, kama hazifichi, iache.

Mashine za zamani zina lugha yake kila moja. Kaseti za Fuji hutoa namba ya S inayokwenda kinyume: ikipanda kutoka 200 hadi 400, dozi imeshuka nusu. Za Kodak, namba ikiongezeka 300, dozi imekuwa mara mbili. Bandika karatasi ukutani yenye maelezo ya mashine yenu, kwa sababu mgeni wa zamu ya usiku atakosea.

Namba hii nayo hudanganya. Ukipiga picha mbili kwenye kaseti moja, ukiacha kingo wazi kupita kiasi, au mgonjwa akiwa na chuma cha nyonga, programu inakosa kujua mwili unaanzia wapi, na EI inakuja ya ajabu. Ukiona DI ya +6 kwenye picha iliyopigwa kwa vipimo vya kila siku, tazama kingo kabla ya kumtazama mpiga picha.

*Taa ya mashine yetu inaonyesha nimefunika mkono wote, lakini kwenye picha vidole vimekatwa. Fundi yuko mbali na anataka nauli. Kuna namna ya kupima wenyewe?*
— Mpiga picha, Magu

Ipo, na inagharimu sarafu nane ambazo utazirudisha mfukoni.

Weka kaseti au detekta (kipokea picha) ya kubeba juu ya meza. Usiiweke kwenye droo ya chini ya meza, utapata vipimo vilivyokuzwa. Pima kwa futi kamba sentimita 100 kutoka alama ya tyubu hadi kwenye kaseti. Washa taa, fungua kingo hadi upate mraba wa sentimita 20 kwa 20. Kwenye kila upande wa mraba, katikati, weka sarafu mbili zinazogusana: moja ndani ya mwanga, moja nje, na mahali zinapogusana pawe palepale mwanga unapoishia. Weka herufi ya madini ya risasi kwenye kona ya upande ambao ungekuwa kulia kwa mgonjwa, ili baadaye ujue upande upi ni upi. Piga kwa kV (nguvu ya mwale) 50 hadi 60 na mAs (wingi wa mionzi) 3 hadi 5. Sarafu zisionekane kabisa kama vivuli? Ongeza kidogo.

Mashine ya kidijitali hupenda kukata kingo za picha yenyewe. Zima ukataji huo kabla ya kusoma, la sivyo utapima kazi ya programu badala ya mwale. Sasa angalia kila jozi. Mpaka wa mionzi ukipita katikati ya sarafu mbili, uko sawa. Ukiingia kwenye sarafu ya ndani au kutoka kwenye ya nje, pima ni kiasi gani. Jumlisha makosa ya pande mbili zinazotazamana: kushoto sentimita 0.8 na kulia 0.5 ni 1.3. Jumla isizidi 2% ya umbali, yaani sentimita 2 kwa umbali wa 100. Fanya hivyo hivyo kwa juu na chini.

Ukivuka hapo, sababu mara nyingi ni taa. Balbu ya kolimeta, kile kisanduku chenye taa na kingo za kubana mwale, ikibadilishwa na isikae mahali pake sawasawa, au kioo kilichomo ndani kikisogea kwa mtikisiko, mwanga unakwenda kwake na mionzi inakwenda kwake. Usifungue kolimeta mwenyewe. Lakini sasa utamwambia fundi kwa simu: "Upande wa kushoto, sentimita mbili na nusu, kwa umbali wa mita moja," naye atakuja na kifaa sahihi badala ya kuja kutazama kwanza. Rudia kipimo kila baada ya miezi mitatu, na kila balbu inapobadilishwa, na picha zake uzihifadhi. Hii haichukui nafasi ya ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo ndiyo inayotoa leseni za mionzi chini ya Sheria Na. 7 ya 2003; ila mkaguzi akikuta kumbukumbu zako, mazungumzo yanakuwa mafupi.

*Shikamooni. Huku kisiwani umeme unapanda na kushuka. Asubuhi picha za kwanza zinakuwa na chengachenga, mchana zinatulia. Tumenunua stabilaiza lakini hali ni ileile. Pia kuna harufu ya ukungu chumbani.*
— Mhudumu, Ukerewe

Marahaba. Haya ni mambo mawili.

Eksirei haili umeme kama friji. Inakaa kimya, kisha inameza wote kwa pigo moja. Ukipiga kV 100 kwa mA 200, ni kilowati 20 kwa kufumba na kufumbua jicho. Kwa laini moja ya volti 230, hizo ni ampia 87, kabla hujahesabu upotevu. Stabilaiza ya ukubwa wa ofisi inaposhtukiziwa mzigo huo, yenyewe ndiyo inayozama. Waya mwembamba kutoka nguzoni nao unashusha volti kabla haijafika. Kwa hiyo mwambie fundi umeme asipime volti mashine ikiwa imetulia, maana atasoma 230 na kuondoka. Apime wakati wa kupiga, kwa kipimo kinachokumbuka namba ya chini kabisa. Volti ikidondoka zaidi ya kile kitabu cha mashine kinachoruhusu, dawa ni waya mnene, laini tatu, au stabilaiza iliyokadiriwa kwa mzigo wa pigo. Zipo pia mashine zinazotunza umeme kwenye betri au kapasita zake na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Kwa visiwani tungezifikiria hizo kwanza. Stabilaiza yako ya sasa iachie kompyuta na detekta peke yake.

Kuhusu asubuhi: je, mnapasha tyubu joto? Anodi, sahani ya chuma iliyo ndani ya tyubu, ikilala baridi usiku kucha, kisha ikapokea pigo zito la picha ya kiuno kwa ubavu, inaweza kupasuka, na tyubu mpya ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Kitabu cha mashine kina utaratibu wake; kwa kawaida ni mapigo matatu hivi ya wastani yenye nafasi katikati, kolimeta ikiwa imefungwa na chumba kikiwa kitupu.

Na ukungu. Chumba kiwe nyuzi 18 hadi 24, na unyevu kati ya 30% na 70%. Kipimo cha unyevu ni kidogo na cha bei ndogo. Kitundike karibu na detekta, soma asubuhi na jioni. Kosa tunaloliona kwenye barua nyingi ni kuzima kiyoyozi usiku ili kubana matumizi. Hewa ya ziwa inaingia, asubuhi kiyoyozi kinawashwa ghafla, na unyevu unageuka matone ya maji ndani ya vifaa. Halafu wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi: wanafuata taa, wanakufa kwenye vichujio vya feni, na kompyuta inapata joto hadi inajizima. Msimu wao ukifika, safisha vichujio kila wiki, na uzime taa ya nje ya dirisha la chumba hicho.

*Ultrasaundi yetu ya wajawazito imetokea mstari mweusi wa wima katikati ya picha. Haiondoki hata tukiongeza jeli. Ni mtoto, ni mama, au ni mashine?*
— Muuguzi mkunga, Musoma

Jeli isipotosha, kivuli husogea unaposogeza mkono. Kama mstari unabaki mahali palepale kwenye skrini hata kwa mama mwingine, ni probu, kile kifaa unachokipitisha tumboni.

Thibitisha hivi. Futa jeli yote, ishike probu hewani bila kugusa chochote. Utaona mistari myeupe ya mlalo karibu na uso wa probu. Iwe imenyooka na mng'ao sawa kutoka upande hadi upande. Penye pengo jeusi, vipande vya fuwele vya mahali hapo vimekufa au waya wake umekatika. Sasa chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, ukipitishe taratibu juu ya uso wa probu, kikigusa tu bila kukwaruza. Kila kinapopita juu ya kipande kizima, mng'ao hushuka chini ya skrini. Kikifika penye pengo, kimya. Tingisha waya karibu na shingo ya probu: mstari ukija na kuondoka, ugonjwa uko kwenye waya. Mara nyingi ni gurudumu la mashine lililoukanyaga.

Pengo dogo pembeni unaweza kuishi nalo huku ukisubiri. Katikati, hapana: hapo ndipo unapopima kichwa na paja la mtoto, na milimita chache za kosa hubadilisha wiki za mimba.

Mengi huanzia kwenye usafi. Spiriti hukausha mpira wa uso wa probu hadi ukapasuka, na jeli ikaingia ndani. Tumia kitambaa laini na dawa ambayo kitabu cha probu kinaitaja. Probu ya ukeni inahitaji ganda jipya kila mama na dawa kali ya kuua vimelea baada ya kila mama, hata kama ganda halikupasuka. Na chupa ya jeli isijazwe juu ya mabaki: imalize, itupe au ioshe na kuikausha kabisa, kwa sababu bakteria hukaa humo vizuri tu.

Kwa kuwa uko ufukweni, neno moja la ziada. Ukipima ini la mtu wa mwambao kwa ajili ya kichocho cha tumbo, awe hajala, na hifadhi picha ya mshipa mkuu wa ini ikiwa na kipimo juu yake. Makovu ya kichocho hufuata kuta za mshipa huo na matawi yake. Ripoti inayosema "ini limekovu kiasi" bila picha haiwezi kulinganishwa na chochote akirudi mwakani.

*Siti skani yetu inaonyesha duara juu ya duara kwenye picha za kichwa.*
— Fundi vifaa tiba, jijini Mwanza

Detekta mojawapo haikubaliani na wenzake. Fanya urekebishaji wa hewa kwanza (skani bila kitu ndani, ili detekta zisawazishwe), mashine ikiwa imeshapata joto. Kisha skani chupa ya maji ya majaribio: maji yasome karibu na 0 kwa kipimo cha Hounsfield cha siti skani, na yasitoke nje ya −5 na +5, na duara zisiwepo. Zikibaki, mwite mtengenezaji. Kipimo cha maji kiwe cha kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

*Ripoti za mapacha wawili zilibadilishana kituoni kwetu. Mmoja nusura awekewe mrija wa kifuani bure. Majina yalikuwa yanafanana sana. Tufanyeje?*
— Mtunza kumbukumbu, Misungwi

Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto. Jina la baba moja, la babu moja, tarehe ya kuzaliwa moja, kijiji kimoja. Mifumo mingi hutegemea jina na tarehe ya kuzaliwa, na kwa watu hawa vyote viwili vinagonga mwamba. Na hata bila mapacha, una akina Masanja wangapi kwenye rejista ya leo?

Namba ya hospitali ndiyo mfalme: isomwe kutoka kwenye kadi, ilinganishwe na fomu, na ilinganishwe na skrini, zote tatu kabla ya kupiga. Kisha majina matatu kamili. Uliza wazi: "Unaitwa nani?" Usiulize "Wewe ndiye Kulwa?" Mgonjwa mwenye heshima, au asiyesikia vizuri, atakuitikia tu. Kwenye orodha ya kazi weka alama kwa majina yanayogongana siku hiyo, na usiwapige wawili hao mfululizo.

Upande nao uandikwe wakati wa kupiga. Herufi ya risasi, R au L, iwe ndani ya mwale, pembeni ya mwili. Herufi inayoongezwa kwenye kompyuta baadaye ni kumbukumbu ya mtu aliyechoka, na kifuani upande ukikosewa, mrija unaingia kwenye pafu zima.

*Daktari wetu hupiga picha ya skrini kwa simu na kuituma WhatsApp kwa bingwa wa hospitali kubwa. Inasaidia sana. Kuna ubaya?*
— Mganga, Geita

Inasaidia, na inakosesha. Picha halisi kwenye DICOM, aina ya faili ambalo mashine za hospitali huhifadhia picha, hubeba vivuli vya kijivu kama 4,096. Picha ya simu hubeba 256, na WhatsApp huibana tena. Mfupa uliovunjika vipande viwili utaonekana. Ufa mwembamba kama unywele, au hewa kidogo juu ya pafu, vinaweza kupotea, na bingwa ataandika "hakuna tatizo" kwa uaminifu kabisa.

Njia bora ni kutuma faili lenyewe la DICOM. Kama simu ndiyo pekee, toa picha kutoka kwenye kompyuta badala ya kupiga skrini, ificheni sehemu ya jina, na tuma kama waraka ili isibanwe. Andika swali: umri, dalili, tangu lini. Jibu liandikwe kwenye faili la mgonjwa, na aliyelitoa na saa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kundi la WhatsApp lenye watu 60 si mahali pake.

Majibu ya hatari hayasubiri ripoti iliyochapwa. Hewa inayokandamiza pafu, hewa huru tumboni, damu kwenye ubongo, mimba nje ya kizazi: piga simu kwa daktari anayemshika mgonjwa, arudie alichosikia, andika saa. Na mkipima muda wa kutoa ripoti, msitumie wastani. Ripoti tisa za saa moja na moja ya siku nne zinatoa wastani wa saa kumi na nusu, ambao haumhusu mgonjwa yeyote. Pimeni muda ambao ripoti tisa kati ya kumi zimeshatoka, kisha ile ya kumi ifuatilieni ilikwama wapi.

*Nina mimba ya miezi mitano, nimeandikiwa eksirei ya kifua. Jirani kaniambia nikatae.*
— Mama, Igoma

Mwambie mpiga picha kuwa u mjamzito, kisha kama daktari ameona inahitajika, piga. Mtoto hupokea chini ya miligrei 0.01 kutoka eksirei ya kifua. Madhara ya kimaumbile kwa mtoto tumboni huanza kuhofiwa karibu na miligrei 100. Siti skani ya nyonga ndiyo ya kujadili kwa makini, kwani hufika miligrei 25 kwa wastani. Usihuzunike usipofunikwa tumbo kwa aproni ya risasi: mionzi michache inayomfikia mtoto hutoka ndani ya mwili wako mwenyewe, na aproni inayoteleza huficha sehemu ya chini ya mapafu hadi ikalazimu kurudia.

*Beji yangu ya mionzi imesoma juu sana robo hii, nami sijafanya kazi nyingi. Ninaogopa.*
— Mpiga picha, Bunda

Kwanza fuatilia ilikokuwa ikilala. Beji iliyoachwa kwenye aproni iliyotundikwa ndani ya chumba cha eksirei inahesabu mionzi ya wagonjwa wote wa zamu ya usiku kwa jina lako. Pengine ilivaliwa na mwenzako, au wewe ndiye uliyepigwa picha ukiwa umeivaa. Andika yote hayo na uyapeleke kwa msimamizi wa usalama wa mionzi pamoja na namba ya beji. Kikomo kwa mfanyakazi ni milisiverti 20 kwa mwaka, ikipigwa wastani wa miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka mmoja. Linganisha usomaji wako na hapo.

Kama hakuna maelezo yoyote, kagua aproni yenu. Ipitishe kwenye fluoroskopi (eksirei inayoonyesha picha mfululizo kwenye skrini), au piga eksirei sehemu kwa sehemu, hasa mahali ilipokunjwa. Ufa wa risasi hauonekani kwa nje. Na kuanzia leo beji ilale nje ya chumba, kwenye ubao wenye misumari na majina.